Besi Ndiyo Farumi ya Wimbo

Kijana wa mwambao anayetamani muziki siku hizi haanzi tena kwa dumbaki wala kwa udi wa babu yake. Ataka gitaa, na si wachache watakao gitaa la besi. Hilo si jambo la kulaumiwa. Linalotutia wasiwasi ni kwamba gitaa lenyewe halijafika mkononi, na mazungumzo yamekwisha kuwa ni ya amplifaya: ina wati ngapi, spika zake ni za inchi ngapi, na ya fulani yatikisa madirisha ya mtaa mzima. Pesa za miezi mingi hupelekwa dukani, na zikipungua hukopwa, pengine kwa riba ambayo dini yetu imeikataza waziwazi, hali mwenyewe hajajua kuweka sawa nyuzi nne za gitaa lake.

Rai yetu ni kwamba mpango huu umegeuzwa juu chini. Mwanafunzi wa besi yampasa aanze na sikio, afuatishe mkono, na mfuko uje mwisho. Akifuata njia hiyo, amplifaya ndogo ya bei nafuu itamtosha kwa muda mrefu, na siku atakapohitaji kubwa atajua aitakia nini. Akiiacha njia hiyo, atabaki na sanduku zito la kelele na deni juu yake.

Twajua wapo wazee na masheikh wetu ambao hawauoni muziki kuwa ni jambo la kheri. Rai yao yaheshimiwa, na ukurasa huu si mahali pa kuikata hukumu hiyo. Lakini taarabu imo katika harusi zetu tangu enzi za mababu, na madhali imo, afadhali ipigwe kwa adabu na ujuzi kuliko kupigwa ovyo.

KAZI YA BESI

Mabaharia wetu wajua farumi ni nini. Ni mawe au mchanga utiwao ngamani mwa jahazi ili lisiyumbe na kupinduka likiwa halina shehena ya kutosha. Abiria haioni, wala hakuna aliyepata kuisifu. Lakini nahodha hawezi kung'oa nanga bila ya kuhakikisha kwamba ipo. Besi ndiyo farumi ya wimbo. Msikilizaji husikia sauti ya mwimbaji, akasifu udi, akatikisa kichwa kwa fidla. Besi haisifu, ila ikinyamaza ghafla hata asiyejua muziki huhisi kwamba kuna kitu kimepungua.

Katika taarabu kazi hiyo haikuanza na gitaa la umeme. Unguja, ambako chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, vikundi vikubwa vilivyofuata mtindo wa Misri vilitumia besi ya mti, ile kubwa isimamayo kimo cha mtu, ikidonolewa kwa vidole nyuma ya fidla na kanuni. Gitaa la besi la umeme lililoenea duniani lilitolewa na Leo Fender huko California mwaka 1951. Alilipa jina la Precision kwa sababu freti zake, yaani vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo, zilimwezesha mpigaji kupata sauti sahihi bila ya kuitafuta kwa kubahatisha. Kwetu gitaa hilo liliingia katika taarabu kwa nguvu pale kikundi cha Black Star cha Tanga kilipopunguza ukubwa wa okestra katika miaka ya 1960 na 1970, kikatia magitaa na mapigo ya dansi. Mombasa haikuchelewa kuiga. Mwenye kusikiliza kanda za Maulidi Juma na kikundi chake, au za Zuhura Swaleh, atasikia besi ikitembea chini ya kinanda na tashkota kama mtu aliyeijua njia tangu utotoni.

Leo zamu hiyo yashikwa mara nyingi na kinanda cha umeme. Mtu mmoja hupiga wimbo kwa mkono wa kulia, na besi hutokea mkono wa kushoto au hupigwa na mashine yenyewe. Ni rahisi na ni nafuu kwa mwenye harusi, nasi hatumlaumu. Lakini kila kikundi kinachofanya hivyo kimefunga mlango mmoja ambao kijana angepitia ili kujifunza kwa wakubwa wake. Kwa hiyo huyu atakaye kujifunza besi leo ni mtu wa kuongozwa vyema. Akivunjika moyo kwa sababu ya ununuzi mbaya, hatujui atakayekuja nyuma yake.

MFANO WA DETROIT

Wapo watakaosema kwamba bila ya vyombo vikubwa hakuna sauti nzuri. Hao twawaomba wautazame mfano wa James Jamerson wa Detroit, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1936 na kufariki mwaka 1983. Ndiye aliyepiga besi katika sehemu kubwa ya nyimbo za Motown zilizozunguka dunia katika miaka ya 1960. Wapigaji besi wengi wa baadaye, wanaojulikana na wasiojulikana, ni wanafunzi wake hata kama hawakupata kumwona.

Je, alikuwa na vyombo gani? Alikuwa na gitaa aina ya Fender Precision lenye nyuzi bapa, ambazo hakuwa na desturi ya kuzibadilisha. Mkono wake wa kulia ulitumia kidole kimoja tu, cha shahada. Katika vilabu alitumia amplifaya ya Ampeg B-15 yenye spika moja ya inchi 15. Na katika studio ya Motown magitaa yalikuwa yakichomekwa moja kwa moja katika mtambo wa kurekodia, hata ikawa nyingi ya besi zile zilizowashangaza watu hazikupitia amplifaya yoyote. Isitoshe, kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa juu ya sahani. Wanamuziki wa kampuni hiyo walianza kutajwa mwaka 1971 tu. Alikuwa farumi kwelikweli.

Hatusemi haya ili kijana aache kununua amplifaya. Twasema ili ajue kwamba ile sauti anayoitafuta imo katika vidole na masikio, na kwamba amplifaya huikuza ile iliyopo. Ikiwa iliyopo ni mbovu, hukuza ubovu.

AMPLIFAYA YA MWANAFUNZI

Basi tuingie dukani. Kwanza kijana ajue kwa nini besi huhitaji amplifaya yake peke yake. Uzi mnene wa besi, ule wa E, hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ili sauti hiyo isikike, spika lazima isukume hewa nyingi. Spika ya redio haiwezi kazi hiyo, na amplifaya ya gitaa la kawaida yaweza kupasuka spika yake ikilazimishwa. Kwa hiyo asikubali kuambiwa kwamba zote ni mamoja.

Pili, ajue maana ya wati. Wengi hudhani kwamba wati 60 hutoa sauti maradufu ya wati 30. Sivyo. Kuongeza wati maradufu huongeza sauti kidogo tu, kiasi cha kutambulika. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa maradufu, wati zahitaji kuzidishwa karibu mara kumi. Mwenye wati 300, basi, hamshindi mwenye wati 30 mara kumi; amshinda kiasi cha mara mbili. Bei, hata hivyo, hupanda bila ya kujali hesabu hiyo.

Kwa chumbani, amplifaya ya wati 15 hadi 30, yenye spika ya inchi 8 au 10, yatosha kabisa. Iwe na tundu la kuchomeka vipokea sauti vya masikioni, maana chombo hicho kitamwezesha kufanya mazoezi usiku bila ya kumwamsha mtu. Akianza kupiga pamoja na dumbaki, tabla na kinanda, wati 100 na spika ya inchi 12 au 15 zitamfaa. Harusi ya uwanjani yataka wati 200 au 300 na zaidi, lakini hapo tena hana haja ya kununua. Mitambo ya harusi hukodiwa, na amplifaya nyingi za leo zina tundu la kupeleka sauti ya besi katika mtambo mkubwa. Amwachie mwenye mtambo kazi ya kuwafikia wageni walioketi nyuma.

Tatu, asidanganywe na maandishi ya juu ya boksi. Redio nyingi za bei rahisi huandikwa maelfu ya wati yakifuatwa na herufi PMPO. Hizo ni wati za karatasini. Atazame nyuma ya chombo, pale penye kibao cha umeme, aone chatumia wati ngapi kutoka ukutani. Chombo kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa 1,000, kama vile mtungi wa lita tatu usivyoweza kumimina pipa.

VYOMBO VILIVYOTUMIKA

Vyombo vingi vinavyotufikia vimekwisha kutumika kwingine, na hapo pana nafuu na pana hatari. La kwanza la kutazama ni umeme. Umeme wetu wa Kenya ni volti 240. Chombo kilichotengenezwa kwa matumizi ya Marekani hutaka volti 120, na cha Japani volti 100. Kikichomekwa hapa bila ya transfoma kitaungua kabla mwenyewe hajasema bismillahi. Transfoma nayo iwe ya wati nyingi kuliko zile ambazo chombo chatumia. Kilichotoka Dubai au Uingereza kwa kawaida huafikiana na umeme wetu, lakini kibao cha nyuma kisomwe vilevile.

Mnunuzi aende na gitaa lake mwenyewe au aombe la rafiki. Awashe amplifaya bila ya kupiga kitu, asikilize. Mvumo mdogo si neno. Mvumo mkubwa ni ugonjwa. Azungushe kila kitufe taratibu, na kikikwaruza ajue kina vumbi au kimechakaa. Kisha apige uzi wa E mtupu kwa sauti ya wastani, auache utetemeke mpaka uishe. Spika iliyochanika itagongagonga kama jani kavu. Atazame misumari na kona za chuma, maana hewa yetu ya bahari ina chumvi, na kutu ya nje mara nyingi ni barua ya kutu ya ndani.

Ikiwa amplifaya ni kichwa kilichotengwa na kabati la spika, aulize ukinzani wake, ambao hupimwa kwa omu. Kabati mbili za omu 8 zikiunganishwa kwa pamoja huwa ni mzigo wa omu 4. Amplifaya ya transista isiyokubali chini ya omu 8 itachomeka kwa mzigo huo. Ile ya valvu nayo isiwashwe na kupigwa bila ya spika kuunganishwa, maana huharibika. Haya ni maneno machache, lakini yamewagharimu wengi pesa nyingi. Asiyeyaelewa afuatane na fundi wa redio anayeaminika, ampe haki yake. Ujira wa fundi ni mdogo kuliko bei ya majuto.

UMEME HAUNA RAFIKI

Hapa twataka tusikizwe kwa makini. Mwaka 1972, mjini Swansea huko Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani mbele ya watazamaji baada ya kushika maikrofoni iliyokuwa na umeme usiounganishwa vyema na ardhi. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alifariki nyumbani kwake kwa umeme alipokuwa akipiga gitaa. Hawa hawakuwa wanafunzi. Walikuwa mabingwa waliozoea vyombo.

Harusi zetu hufanywa uwanjani, juu ya mchanga wenye unyevu, na nyaya hupitishwa kutoka nyumba ya jirani au kutoka kwa jenereta. Kuna desturi mbaya ya kukata mguu wa tatu wa plagi ili iingie katika soketi isiyofaa, au kuunga nyaya mbili tu na kuuacha ule wa ardhi ukining'inia. Mguu huo wa tatu ndio mlinzi wa maisha ya mpigaji. Anayeukata kwa haraka ya kuanza wimbo ameichezea roho ya mwenziwe. Viongozi wa vikundi, hili ni jukumu lenu kabla ya kuwa la fundi. Mpigaji asiguse nyuzi na maikrofoni kwa mikono ya maji wala miguu mitupu juu ya ardhi iliyolowa, na mvua ikianza vyombo vizimwe bila ya kumngoja bwana harusi atoe idhini.

MKONO NA SIKIO

Sasa kujifunza kwenyewe. Kabla ya yote gitaa liwe limetengenezwa. Nyuzi zikiwa juu mno vidole huumia, na mwanafunzi hudhani kosa ni lake. Fundi hushusha nyuzi hizo kwa bisibisi kwa muda mfupi. Kisha apime hivi: uzi upigwe mtupu, halafu upigwe katika freti ya 12. Sauti mbili hizo lazima ziwe moja, ila ya pili iwe juu kwa oktavo. Zikitofautiana, gitaa halijakaa sawa, na hakuna mazoezi yatakayoliponya. Mwenye vidole vifupi aulizie gitaa fupi la inchi 30, maana la kawaida lina inchi 34 kutoka mwanzo wa uzi hadi mwisho wake. Kwa taarabu twapendekeza nyuzi bapa, ambazo sauti yake iko karibu na ile ya besi ya mti, na hudumu sana. Zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, kwa ajili ya jasho na chumvi ya hewa yetu.

Nusu saa kila siku ni bora kuliko saa nne za Jumapili. Haba na haba hujaza kibaba. Wiki za kwanza apige nyuzi tupu tu, E, A, D na G, kwa kupokezana vidole viwili vya mkono wa kulia, akifuata mshale wa sekunde wa saa ya ukutani, ambao hugonga mara 60 kwa dakika. Ataona ni jambo dogo, lakini ajirekodi kwa simu na kusikiliza. Atajisikia akitangulia na kuchelewa bila ya kujua. Mwendo ukishatulia, ajifunze kuunyamazisha uzi baada ya kuupiga. Besi nzuri hujulikana kwa pale inaponyamaza sawasawa na inapolia.

Hatua ya pili ni kukaa na mpiga dumbaki. Dumbaki lina pigo zito katikati ya ngozi na pigo kali pembeni. Mwanafunzi aiweke besi yake juu ya lile pigo zito, wala asiongeze kitu mpaka wawili wao wasikike kama mtu mmoja. Katika mapigo ya chakacha ahesabu sita, akipiga katika la kwanza na la nne. Akiweza hilo kwa robo saa bila ya kupotea, amekwisha kuwa na faida kwa kikundi, hata kama hajui kitu kingine.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Kizungu havimwambii kijana wetu. Nyimbo zetu zenye asili ya Kiarabu hutumia maqamu zenye sauti ambazo hazimo katika freti. Maqamu ya Bayati ikianzia D, sauti yake ya pili iko kati ya E na ile iliyo chini yake kwa nusu. Udi na fidla hazina freti, kwa hiyo huipata. Gitaa la besi lenye freti haliipati, na mpigaji akiilazimisha E iliyo kamili atagombana na mwimbaji wimbo mzima. Dawa ni kuiacha sauti hiyo kwa wenyewe, naye akae katika D, G na A, ambazo ni salama. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, aliupiga udi kwa namna iliyohitaji watu wa kando wenye kujua pa kukaa. Kwa wimbo wa namna hiyo mpigaji wa sauti tatu zilizo mahali pake ana thamani kuliko mpigaji wa sauti ishirini. Nyimbo zenye asili ya Kihindi, ambazo marehemu Juma Bhalo alizitia fora, zina mwendo wake mwingine, na mwanafunzi azisikilize vilevile kwa kuiimba besi kwa mdomo kabla ya kuigusa kwa kidole.

MASIKIO NA MAJIRANI

Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wameweka kipimo cha desibeli 85 kwa saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hupungua kwa nusu, hata ikifika desibeli 100 ni dakika 15 tu. Harusi nyingi hupita kiwango hicho usiku kucha. Sikio likishakufa halifufuki, na mpiga besi asiyesikia ni sawa na rubani kipofu. Vizibo vya masikio vyapatikana kwa pesa kidogo, na si aibu kuvivaa.

Na jirani naye ana haki. Sauti nene hupita kuta kuliko nyembamba, ndiyo maana jirani husikia besi tu wala hasikii wimbo. Inua amplifaya kutoka sakafuni, iweke juu ya kiti au godoro, na mtetemo utapungua nyumbani kwake. Zima kabla ya adhana, si baada yake. Mwezi wa Ramadhani tumia vipokea sauti vya masikioni au upumzike. Penye msiba mtaani, mpaka khitma ipite, gitaa likae kitandani. Kijana akizishika adabu hizi, hata mzee asiyependa muziki atamwitikia salamu.

WAKUBWA WAFANYE NINI

Tumemwambia kijana mengi. Si haki kuwaacha wakubwa. Wapiga besi wa zamani wangalipo Mombasa, Malindi na Lamu, wengine wameacha kupiga na gitaa limetundikwa ukutani. Twawaomba wasiondoke na elimu yao. Alasiri mbili kwa wiki na vijana watatu barazani zatosha. Vikundi navyo vinunue amplifaya moja ya kikundi kwa mchango, bila ya riba, badala ya kila kijana kujitwika mzigo peke yake.

Unguja chuo cha muziki cha Dhow Countries, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimewafundisha vijana wengi vyombo vya taarabu, na huko huko kipo kikundi cha Tausi ambacho wapigaji wake wote ni wanawake. Kwa nini sisi tusiwe na hata chumba kimoja? Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Chumba, gitaa mbili za besi, amplifaya ya wati 100 yenye waya wa ardhi uliounganishwa sawasawa, na mwalimu mmoja anayelipwa: huo si mradi wa kuishinda kaunti yoyote ya Pwani. Wazazi wasiopenda mtoto wao azurure usiku kutafuta wa kumfundisha wangejua alipo na saa ngapi atarudi.

Na wewe kijana unayehesabu akiba yako, igawe mafungu kabla ya kwenda dukani: la gitaa lililotengenezwa vizuri, la amplifaya ndogo isiyo na ila, la nyuzi na waya imara, na la mwalimu. Ikiwa fungu moja halitoshi, punguza la amplifaya. La mwalimu usiliguse. Debe tupu haliachi kuvuma, na mtaa wetu una madebe ya kutosha. Tunachopungukiwa ni wapigaji wanaojua mahali pa kukaa katika wimbo, na wapi pa kunyamaza.